Mitokondria ya simbilisi: inachosema, na isichoweza kusema

Wafugaji wa simbilisi hapa Nairobi hunijia na swali moja: "Daktari, wanyama wangu wamezaliana wenyewe kwa wenyewe muda mrefu. Si uwapime DNA uniambie kama damu imekaribiana?" Naweza. Ila kuna DNA ya aina mbili, na ukisoma isiyofaa utapata jibu zuri la swali ambalo hukuuliza.

DNA kubwa imo kwenye kiini cha seli, nusu ya baba, nusu ya mama. Ile ndogo imo kwenye mitokondria, vijisehemu vinavyoizalishia seli nguvu. Ni pete ya herufi zipatazo 16,800 (A, C, G na T, majina mafupi ya kemikali nne zinazoiunda DNA), yenye jeni 37 tu, na mtoto huirithi kwa mama.

Sisi wa maabara tunaipenda. Kila seli ina nakala zake nyingi, kwa hiyo kipande cha sikio chenye ukubwa wa punje ya dengu, kilichohifadhiwa kwenye spiriti, kinatosha kabisa. Nikishazisoma herufi, nazipanga kwenye kompyuta, mnyama mmoja chini ya mwingine. Safu baada ya safu zinalingana, T chini ya T, A chini ya A. Halafu unafika sehemu isiyobeba jeni, iitwayo D-loop, ambako mabadiliko hujikusanya haraka: hapa watatu wana C na wengine wote wana T, na mbele kidogo ni wale wale watatu tena. Hao ni wa ukoo mmoja wa mama.

Sasa angalia zizini. Mfugaji akiogopa damu kukaribiana, huazima dume kwa jirani. Anafanya vyema, lakini dume huyo haonekani kwenye mitokondria, hata vipite vizazi ishirini. Majike wote wakiwa wametokana na bibi mmoja, zizi litasomeka kama ukoo mmoja hata kama madume waliletwa kutoka Kisumu, Bukavu na Arusha. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinyume chake: majike wa koo nne, dume mmoja, kisha wanawe wakaendelea kuwapanda dada zao. Mitokondria itaonyesha utofauti wa kupendeza huku watoto wakizaliwa dhaifu. Kwa swali la damu, lazima nisome DNA ya kiini.

Kwenye historia, hapo mitokondria ina nguvu. Mwaka 2020, mtafiti Edana Lord na wenzake walisoma mitokondria kutoka mifupa ya kale, wakaona kwamba simbilisi wa nyanda za juu za Kolombia hawakuwa wa spishi moja na wale wa Peru. Lakini mwaka 1996 D'Erchia na wenzake walitangaza katika jarida la Nature, kwa ushahidi wa mitokondria, kwamba simbilisi si mnyama wa kundi la panya! Walikuwa wamelinganisha spishi chache mno. Zilipoongezwa nyingine, pamoja na jeni za kiini, simbilisi alirudi kwa wenzake.

Kwa hiyo ukiniletea sampuli, usikate masikio ya majike peke yao. Niletee na ya madume wote, na daftari linaloonyesha kila dume alitoka kwa nani na alipanda majike gani. Kama daftari huna, anza kuliandika na uzao unaofuata.