Wale wadudu wa ziwani sio mbu jamani

Wingu jeusi la wadudu wadogo likipanda tu kutoka Ziwa Victoria utasikia watu wanasema mbu hao, malaria inakuja, hapana jamani, wale hawang'ati, hawana ule mrija mrefu wa kunyonyea damu. Akitua ukutani msogelee umcheki, wengi wanainua miguu ya mbele, na mabawa yao hayana magamba kama ya mbu. Vipapasio vya manyoya visikudanganye, mbu dume anavyo pia. Ila kujua ni spishi gani hasa, picha ya simu mara nyingi haitoshi, inabidi upate dume, umweke kwenye spiriti, sehemu zake za uzazi ziangaliwe kwa hadubini, na uandike umemkamata wapi na tarehe ngapi, bila hivyo huwezi kumweka kwenye ramani ya spishi hiyo inapatikana wapi.