LL.B. ya India: masomo ya baraza, alama za chuo

Ukikuta mtu ameandika "LL.B., India" kwenye wasifu wake, bado hujajua kasoma miaka mingapi. Kuna LL.B., yaani shahada ya kwanza ya sheria, ya miaka 3 na kuna ya miaka 5, na zote mbili zinamfikisha mtu mlango uleule wa kuomba uwakili. Ya miaka 3 ndiyo kongwe. Huingii mpaka uwe na shahada nyingine tayari, iwe ya biashara, historia au uhandisi, kwa hiyo darasani mhasibu wa makamo anakaa dawati moja na binti aliyemaliza BA juzi tu. Ya miaka 5 unaingia moja kwa moja ukitoka darasa la 12, na unatoka na shahada mbili zilizofungwa kamba moja: BA LL.B., BBA LL.B., B.Com. LL.B. na nyinginezo. Hizo L mbili, kwa anayejiuliza, zinatokana na Kilatini, ambacho hurudia herufi kuonyesha wingi. Ni shahada ya "sheria" nyingi, si moja.

Mfumo wa miaka 5 ulipata jina kupitia chuo cha sheria cha Bangalore, National Law School, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1988 chini ya Profesa N. R. Madhava Menon. Kabla ya hapo sheria ilikuwa kozi ya watu waliokosa pengine, au waliosoma jioni baada ya kazi. Leo vyuo vya aina hiyo vimepita 20, na kuviingia ni vita. Mtihani wa pamoja unaoitwa CLAT, ulioanza mwaka 2008, una maswali 120 kwa saa 2, na kila jibu la kubahatisha likikosea linakukata robo alama. Delhi wao wana mtihani wao, AILET.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: nani anapanga wasome nini? Watu wengi wanadhani ni chuo. Kwa sehemu kubwa ni Baraza la Mawakili la India, Bar Council of India, chombo kilichoundwa na Sheria ya Mawakili ya mwaka 1961. Kanuni zake za elimu ya sheria za mwaka 2008 zinataja masomo kwa majina, na chuo kisichozifuata wahitimu wake hawaandikishwi kuwa mawakili. Chuo kinabaki na uhuru wa kupanga muhula upi somo lipi, kuongeza masomo ya hiari, na hasa kutunga mtihani na kutoa alama. Mgawanyo huo ukiushika, mambo mengi ya LL.B. ya India yanaeleweka, na hasa lile linalowachanganya watu: masomo yanafanana nchi nzima, alama hazifanani hata vyuo viwili vya mji mmoja.

Masomo ya lazima ya sheria ni 20. Orodha yake haina maajabu kwa mtu aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi: falsafa ya sheria, mikataba karatasi mbili, madhara (makosa ya madai yasiyotokana na mkataba), katiba karatasi mbili, jinai, ushahidi, mwenendo wa madai, ardhi na mali, utawala, makampuni, kodi, kazi na viwanda, mazingira, sheria ya kimataifa. Juu yake kuna karatasi 4 za vitendo na zisizopungua 6 za kuchagua. Anayetaka shahada yenye "Honours" anaongeza 8. Wa miaka 5 wanabeba pia masomo ya ile shahada yao ya pili, siasa au uchumi au uhasibu, pamoja na Kiingereza.

Kwa Mtanzania, somo la mikataba lina mshangao wake. Sheria ya Mikataba ya India ni ya mwaka 1872, na ilitumika Tanganyika enzi za ukoloni. Mwaka 1961 Tanganyika ilipotunga ya kwake iliifuata ile ya India karibu neno kwa neno. Mwanafunzi wa Kitanzania akifungua kifungu cha 10 akiwa Pune, kinachosema makubaliano yapi ni mkataba (ridhaa huru, watu wenye uwezo, malipo halali, lengo halali), atakikuta kifungu cha 10 kilekile cha nyumbani, namba haijasogea. Mkenya naye ana lake: Sheria ya Uhamisho wa Mali ya India ya mwaka 1882 iliendelea kutumika Kenya hadi mwaka 2012.

Sheria ya familia ndiyo ingenivutia zaidi kama ningerudi darasani. Ni karatasi mbili, kwa sababu India haina sheria moja ya ndoa na mirathi kwa watu wote. Wahindu wana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1955 na ya Mirathi ya 1956, Waislamu wanafuata sharia kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1937, Wakristo wana ya 1872, na wanaotaka kufunga ndoa bila kujali dini wana ya 1954. Mwanafunzi anatakiwa azijue zote, pamoja na kesi zake: Shah Bano ya mwaka 1985 kuhusu matunzo ya mwanamke aliyeachwa, na Shayara Bano ya 2017, ambamo Mahakama ya Juu ilibatilisha talaka tatu za mkupuo. Sisi tuliokulia mahali penye kadhi na mahakama ya serikali mtaa mmoja hatuhitaji kuelezwa kwa nini somo hili linagombanisha watu darasani.

Jinai nayo imewapata wanafunzi wa sasa vibaya. Kwa zaidi ya miaka 160 kila mtu alisoma Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860, ileile iliyowahi kutumika Zanzibar, Kenya na Uganda enzi za Waingereza. Namba zake ziliingia hadi mtaani: kifungu cha 420 ni cha utapeli, na mpaka leo tapeli huitwa kwa Kihindi "chaar sau bees", yaani mia nne na ishirini. Tarehe 1 Julai 2024 kanuni hiyo ilipisha kanuni mpya ya adhabu, Bharatiya Nyaya Sanhita, na siku hiyohiyo sheria ya mwenendo wa jinai na ile ya ushahidi zikabadilishwa pia. Utapeli sasa ni kifungu cha 318. Kuua kwa kukusudia kumetoka 302 kwenda 103. Lakini makosa yaliyotendeka kabla ya tarehe hiyo bado yanahukumiwa kwa kanuni ya zamani, na kesi za India huchukua miaka, hivyo mwanafunzi anabeba vitabu viwili na anatakiwa ajue kipi afungue lini.

Karatasi za vitendo nizielezee polepole, maana ndiyo sehemu ambayo baraza limekwenda hadi kwenye hesabu ya alama. Karatasi ya uandishi wa nyaraka ina mazoezi 15 ya nyaraka za mahakamani: hati ya madai, utetezi, kiapo, ombi la dhamana, sababu za rufaa. Yanabeba alama 45. Kisha kuna 15 ya nyaraka za mali na mambo binafsi, kama vile hati ya mauzo, rehani, upangaji, zawadi, wosia na hati ya uwakilishi, nayo yana alama 45. Alama 10 zilizobaki ni za mahojiano ya ana kwa ana na mtahini. Karatasi nyingine inachanganya kesi za kuigiza, alama 30, kuhudhuria kesi mbili halisi, moja ya madai na moja ya jinai, na kuandika kila ulichokiona, alama 30, kukaa kwa wakili ukimwangalia anavyomhoji mteja na kuandaa kesi, na kuyaweka kwenye daftari, alama 30, mahojiano, 10. Mbili zilizobaki ni maadili ya uwakili na utatuzi wa migogoro nje ya mahakama.

Kwenye karatasi mpangilio huo unapendeza. Kwa vitendo, lile daftari ndilo linalonakiliwa kuliko kitu kingine chochote, na mtahini makini hulifahamu hilo. Ndiyo kazi ya zile alama 10 za mahojiano. Ukiulizwa hakimu alikaa upande gani wa chumba ukababaika, imekula kwako.

Fildi ni wiki 12 kwa wa miaka 3 na wiki 20 kwa wa miaka 5, zikigawanywa katika miaka yote ya masomo, kwa mawakili, mahakamani, kwenye makampuni au mashirika ya kutetea haki. Kanuni zinataka pia mahudhurio ya asilimia 70 katika kila somo. LL.B. ya kusoma kwa posta au mtandaoni haitambuliki kwa uwakili, na hakuna kuingia katikati ya kozi wala kutoka katikati ukapewa cheti kidogo cha kujifariji.

Tukifika kwenye alama, baraza linakaa pembeni. Vyuo vikuu vya zamani vilizoea asilimia. Karatasi ni ya 100, sehemu inatoka kwenye kazi za darasani na sehemu kubwa kwenye mtihani wa mwisho wa saa 3, na alama ya kupita huwa kati ya 40 na 50 kutegemea chuo. Ukifika 60 una daraja la kwanza, na 75 kwenda juu huitwa "distinction". Kwetu, ambako daraja la kwanza huanzia 70, asilimia 62 ya Mhindi inaonekana ya kawaida, kumbe kwao jamaa wameshaitwa na wamekula wali wa kumpongeza. Watahini wa sheria kule ni wabahili, na 75 kwenye karatasi ya katiba si jambo la kila siku.

Mfumo mpya ni wa krediti (uzito wa kila somo) na herufi. Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ilipendekeza skeli ya 10: O ni 10, A+ ni 9, A ni 8, B+ ni 7, B ni 6, C ni 5, P ni 4 na F ni sifuri. Kumbuka A hapo ni daraja la tatu kutoka juu, si kilele. Hesabu yenyewe ni ile tunayoijua. Chukua muhula wa kubuni: mikataba krediti 4 umepata A, katiba krediti 4 B+, madhara krediti 4 B, familia krediti 4 A, Kiingereza krediti 2 O. Zidisha kila krediti kwa pointi zake: 32, 28, 24, 32, 20. Jumla 136. Gawa kwa krediti 18, unapata 7.56. Hiyo ni wastani wa muhula, SGPA. Ya mihula yote ikijumlishwa inaitwa CGPA, na mihula ni 6 au 10.

Vyuo havilazimiki kuishika skeli hiyo kama ilivyo. Kuna vyuo vyenye skeli ya 7, kuna vinavyokwenda kwa mihula mitatu kwa mwaka kama Bangalore, na vingi vya kitaifa hugawa alama kati ya jaribio, kazi ya utafiti, kuitetea mbele ya mwalimu, na mtihani. Anayefeli somo hapewi mwaka mzima wa kurudia mara moja. Maharashtra wana neno lao, ATKT, ruhusa ya kupanda muhula unaofuata huku somo linakudai, yaani keri ya kwetu. Masomo yanayokudai yakizidi idadi fulani unabaki mwaka uleule. Kwenye transkripti nyingi jaribio la pili huachiwa alama ndogo pembeni, nyota au herufi, na wasomaji wa maombi ya kazi wanaijua ilipo.

Baada ya shahada kuna mtihani wa uwakili wa nchi nzima, AIBE, ulioanza mwaka 2011: maswali 100 ya kuchagua, unaruhusiwa kuingia na vitabu vya sheria visivyo na maelezo, na kwa wengi kupita ni asilimia 45. Huo hautoi daraja, ni kupita au kufeli. Mgeni asihesabu kwamba ataufanya abaki kule kuwa wakili, kwa kuwa Sheria ya Mawakili inataka uraia wa India, isipokuwa kwa raia wa nchi inayowaruhusu Wahindi kufanya uwakili kwake. Anayerudi Tanzania Bara anapitisha cheti Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kisha anaingia Shule ya Sheria kama wenzake.

Hapo ndipo ile 7.56 inapoleta shida, maana mtu aliyezoea GPA ya 5 ataitazama kama kosa la uchapaji. Kuigeuza asilimia nako kuna njia zaidi ya moja. Chuo kimoja kinazidisha kwa 10, inakuwa 75.6. Kingine kwa 9.5, inakuwa 71.82. Cha tatu kinatoa 0.75 kwanza halafu kinazidisha kwa 10, inakuwa 68.1. Mtu mmoja, karatasi zilezile, na kwa hesabu ya kwanza ana "distinction" ambayo mbili zilizobaki zinamnyima. Kwa kawaida kanuni ya chuo husika huchapwa kwa herufi ndogo nyuma ya transkripti, kwa hiyo anayetoa kopi atoe kurasa zote mbili.