Kuomba Spitfire IX irekebishwe kwenye simuleta: dhana potofu na ukweli

Spitfire Mk IX, yaani toleo (Mk) namba IX la ndege ya kivita ya Uingereza, ni mojawapo ya ndege zinazoombewa marekebisho mara nyingi zaidi katika simuleta, michezo ya kompyuta ya kurusha ndege, za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Utasikia kwamba inapanda polepole, kwamba imenyimwa petroli yake, kwamba injini inazimika pasipostahili. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki na yanastahili kusikilizwa. Mengine hukwama kwa sababu yamesimama juu ya jambo ambalo halikuwa hivyo, na inasikitisha kuona mtu anayeipenda ndege hii kwa dhati akipoteza hoja yake namna hiyo.

"Vitabu vinasema maili 408 kwa saa, basi nipeni 408"

Namba hiyo ni ya kweli, ila si ya kila Mk IX. Ni ya aina ya mwanzo, F IX, tena kwenye kimo cha futi 25,000. LF IX yenye injini ya Merlin 66, ambayo ndiyo simuleta nyingi huiweka, ilifikia takriban maili 404 kwenye futi 21,000. HF IX yenye Merlin 70 ilifika karibu 416, lakini huko juu kwenye futi 27,500. Kwa macho ndege hizi tatu ni vigumu kuzitofautisha. Tofauti yao kubwa imo katika supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, na kimo ambacho kila moja ilipangiwa. LF ilipangiwa vimo vya chini na vya kati, ambako ndege ya Kijerumani Focke-Wulf 190 ilikuwa imewatesa sana marubani wa Spitfire V tangu mwishoni mwa 1941.

Kuna pia suala la kipimo chenyewe. Saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani haionyeshi kasi halisi. Inapima msukumo wa hewa, na kwenye futi 21,000 hewa ni nyembamba kiasi kwamba ndege inayokwenda maili 404 itaonyesha karibu 290 tu. Wapo wanaopiga picha ya saa hiyo na kuileta kama ushahidi kwamba ndege yao imeibiwa maili mia moja. Hakuna kilichoibiwa.

"Injini ya Spitfire ilizimika ukisukuma usukani mbele, mbona yangu haizimiki?"

Hapa historia ni tamu, na inafaa kuelezwa vizuri. Merlin za mwanzo zilikuwa na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) yenye chombo cha kuelea. Rubani akisukuma usukani mbele ghafla, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta, injini ikakosa mafuta kwa sekunde kadhaa, kisha ikafurika. Messerschmitt 109 ya Wajerumani iliingiza petroli moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo rubani wa Kijerumani aliinamisha pua na kutoweka. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa ndege ya Farnborough, alibuni kiduara kidogo cha metali chenye tundu, kilichoruhusu petroli ya kutosha nguvu kamili ya injini na kuzuia mafuriko. Yeye na wasaidizi wake walizunguka kwenye vituo vya jeshi la anga wakikifunga.

Kiduara hicho kilipunguza tatizo bila kulimaliza. Lakini Merlin 66 ya LF IX ilikuja na kabureta nyingine kabisa, Bendix-Stromberg, inayosukuma petroli kwa shinikizo bila kutegemea chombo cha kuelea. Kuomba injini hiyo izimike ni kuibebesha ugonjwa wa Spitfire ya 1940.

"Namba kubwa ya Mk ni ndege bora zaidi"

La. Mk IX iliingia vitani Julai 1942, kabla ya Mk VIII. Mk XVI ni IX yenye Merlin 266 iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Packard, na mwendo wake ni ule ule kwa vitendo. Anayeomba XVI akitegemea kasi mpya hataipata.

"Petroli ya okteni 150 ilikuwepo, kwa hiyo kila Spitfire IX iwe nayo"

Huu ndio ugomvi mkubwa kuliko yote, na pande zote mbili hukosea. Okteni, au daraja, ni kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili shinikizo ndani ya injini bila kulipuka ovyo. Wanaosema petroli hiyo ilikuwa ya majaribio tu hawasemi kweli. Mabomu ya Kijerumani ya kujirusha, V-1, yalianza kuanguka Uingereza tarehe 13 Juni 1944, yakipita chini, kwa kasi iliyoishinda Spitfire ya kawaida. Vikosi vya ulinzi vya Uingereza vilipewa petroli ya daraja la 150, na Merlin 66 zikarekebishwa ili shinikizo la supachaja lipande kutoka pauni 18 hadi 25 kwa inchi ya mraba. Majira ya baridi ya 1944–45 vikosi vya Spitfire vilivyokuwa Ubelgiji na Uholanzi navyo viliitumia.

Ila haikuwa kila mahali. Urusi ilipokea Spitfire IX zaidi ya 1,000, na kuzipa pauni 25 katika pambano la uwanja wa vita wa mashariki ni kutunga historia. Hata Ufaransa, katika siku za kwanza baada ya majeshi kutua Normandy Juni 1944, pauni 18 ndiyo hali ya kawaida.

Kosa jingine ni kudhani kwamba pauni 25 huongeza kasi kila kimo. Faida yake iko chini, ambako ni kubwa kweli. Ukivuka futi 22,000 hivi, supachaja ya Merlin 66 haiwezi tena hata kufikisha pauni 18, kwa hiyo petroli bora haina cha kuisaidia. Ombi linalodai kasi zaidi kwenye futi 28,000 kwa sababu ya okteni 150 linaonyesha mara moja kwamba mwombaji hakuiangalia grafu.

"Rubani aliyekuwepo alisema, inatosha"

Rubani aliyeandika kwamba aliizunguka 109 mara mbili na kuishinda hakujua adui alikuwa na mafuta kiasi gani, au kama alikuwa mgeni katika kazi. Ripoti za mapigano zina thamani kubwa kwa mambo mengine: tarehe, kikosi, aina ya ndege, mara nyingine hata shinikizo lililotumika. Zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mkusanyiko wa AIR 50, na vitabu vya shughuli za vikosi vimo AIR 27. Kwa kasi na upandaji, tafuta majaribio ya Boscombe Down, kituo cha Uingereza cha kujaribia ndege za kijeshi.

Na hakuna haja ya nyaraka za siri. Mwaka 2021 mchezaji wa War Thunder, mchezo wa kompyuta wa vita, alitoa hadharani kurasa za mwongozo wa kifaru cha Challenger 2 ili kushinda ubishi, na watengenezaji wa mchezo huo walikataa kuzitumia. Karatasi za Spitfire ziko wazi kwa umma.

"Ni kubadilisha namba moja tu"

Ukipandisha shinikizo, unagusa nguvu ya injini, joto la maji na mafuta, ulaji wa petroli, mwendo wa propela, upandaji kwenye kila kimo, na muda ambao injini itavumilia kabla ya kuharibika. Vyote vipimwe upya. Ndiyo maana njia iliyotumika katika simuleta ya IL-2 Great Battles inanipendeza: petroli ya 150 ni chaguo, na anayepanga pambano ndiye anayeamua kama tarehe na uwanja vinairuhusu.

Ombi lako basi liseme: LF IX, Merlin 66, pauni 25, Ubelgiji, Januari 1945, likiambatana na grafu ya jaribio, kimo kwa kimo, na rekodi ya kile ambacho simuleta inakupa katika kimo hicho hicho, tangi likiwa na kiasi kile kile cha petroli.