Msaada wa kuzuia baridi kwenye nyumba za kupanga Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wenzetu wengi waliohamia Marekani, kuanzia Lewiston hadi Columbus, wanapanga nyumba kuukuu zinazovuja joto, na kila majira ya baridi bili inawaumiza. Msaada upo tangu 1976: mpango wa serikali kuu wa kutengeneza nyumba zisivuje joto, uitwao Weatherization Assistance Program. Inasikitisha kuona watu wakiukosa kwa sababu ya maneno ya kusikia tu.

“Ni wa wenye nyumba maskini.” Sivyo. Kinachopimwa ni kipato cha mpangaji, kisichozidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Mpangaji anaweza kuomba mwenyewe. Mwenye nyumba anatakiwa kutoa idhini ya maandishi. Jengo la familia mbili au nne linakubalika ikiwa nusu ya nyumba zake zina wapangaji wanaostahili. La familia tatu linahitaji mbili.

“Wakishatengeneza, kodi itapanda.” Hofu hii ndiyo inayowanyamazisha wapangaji wengi, na naielewa. Lakini kanuni za mpango zinataka faida iende hasa kwa mpangaji. Kwa muda fulani baada ya kazi, ambao kila jimbo hujipangia, kodi haiwezi kupandishwa kwa sababu ya matengenezo hayo. Mwenye nyumba akipandisha, lazima aonyeshe sababu nyingine, mfano ushuru anaolipa serikalini kwa jengo hilo kuongezeka, na mpangaji ana haki ya kulalamika. Kwa hiyo omba nakala ya makubaliano aliyosaini mwenye nyumba, uitunze pamoja na mkataba wako wa upangaji.

“Wanagawa madirisha mapya.” Hapana, wala hawatoi pesa mkononi. Mkaguzi hufunga feni kubwa mlangoni inayovuta hewa nje, nyufa zote zikajulikana. Kisha huchaguliwa kazi ambazo akiba yake italipa gharama: kuziba nyufa, kujaza nyenzo za kuhifadhi joto darini na kutani, kukagua mtambo wa kupasha joto usitoe gesi ya sumu. Madirisha mara nyingi hayafikii kipimo hicho.

Paa likivuja au nyaya zikiwa hatari, kazi huahirishwa hadi zirekebishwe. Hapo mwenye nyumba asisubiri serikali, atengeneze.

Maombi hupokelewa na mashirika ya maeneo, na mengi yao ndiyo hayohayo yanayoshughulikia LIHEAP, msaada wa kulipia bili. Kama tayari unapata LIHEAP, waambie mapema, kwani majimbo mengi huuhesabu kuwa uthibitisho tosha wa kipato.