Miungu walinzi katika Ubudha: nat wa Myanmar

Katika nyumba nyingi za Wabudha wa Myanmar utakuta nazi nzima imetundikwa kwenye nguzo, imefungwa kitambaa chekundu. Si pambo. Ni ya Min Mahagiri, mlinzi wa nyumba. Humo humo ndani, mahali pa juu zaidi, pana sanamu ya Budha na maua yake.

Walinzi wa namna hii Myanmar huitwa nat. Nat ana mahali pake: mlima, mti, kijiji, nyumba. Akiheshimiwa hulinda, akidharauliwa hudhuru. Kwetu neno la karibu ni mzimu, ule wa pangoni au chini ya mbuyu unaopelekewa ubani na chakula, ingawa nat wakubwa wana majina, sura na hadithi zao.

Min Mahagiri, kwa mfano, alikuwa mhunzi wa mji wa Tagaung aliyeitwa Nga Tin De. Nguvu zake zilimtia mfalme hofu. Mfalme akamwoa dada wa mhunzi huyo, akamwita shemeji aje apewe cheo, kisha akaamuru afungwe kwenye mti na kuchomwa moto. Dada akajitosa ndani ya moto ule ule. Wakawa nat, wakaishi katika mti huo wakiua kila aliyepita kivulini mwake, mpaka ukang'olewa na kutupwa mto Irrawaddy. Ukaelea hadi mji wa Bagan, na sanamu zao zikapelekwa mlima Popa. Ndiyo maana ya nazi: maji yake humpoza aliyeungua. Yakikauka, huwekwa nyingine. Mimi naona hapo huruma kuliko woga. Karne nyingi zimepita na watu bado wanamtuliza maumivu mtu aliyeonewa.

Mfalme Anawrahta, aliyetawala Bagan kuanzia 1044 hadi 1077, aliushika Ubudha wa Theravada, mojawapo ya matawi makuu ya dini hiyo, na kutaka kuizima ibada ya nat. Watu hawakuiacha. Basi akawapa nat 36 nafasi katika pagoda, yaani mnara mtakatifu wa Kibudha, ya Shwezigon, na juu yao akamweka wa 37, Thagyamin. Huyu ndiye Sakka, mfalme wa mbinguni ambaye maandiko ya Kibudha ya lugha ya kale ya Kipali yanamtaja kuwa mfuasi wa Budha. Kwa hatua hiyo nat wakapata mkubwa wao, na mkubwa huyo mwenyewe humsujudia Budha.

Hapo ndipo dhana yote ilipo. Katika Ubudha miungu wapo, lakini hawakuumba ulimwengu wala hawadumu milele. Nao hufa na kuzaliwa upya kama sisi. Hawawezi kumtoa mtu katika mzunguko huo. Njia ya kutoka imo katika mafundisho ya Budha. Kwa nat mtu hupeleka haja za hapa duniani: safari, biashara, mtoto mgonjwa. Na nat naye ana haja kwa binadamu, kwa kuwa Mbudha akitoa sadaka kwa watawa huwagawia viumbe wengine thawabu yake, nat wakiwemo.

Tibet nayo inasimulia kwamba katika karne ya 8 Padmasambhava, mwalimu wa Kibudha, aliwashinda roho wa milimani, lakini hakuwaangamiza. Aliwaapisha wailinde dini, na kila mmoja akabaki kwenye mlima wake.