Je, wajua kwa nini mwenye kisukari asikimbilie kununua miwani mpya?

Mtu amegundulika ana kisukari, ameanza dawa, na wiki ya pili maandishi ya simu yanaingia ukungu. Anashuka Mwanjelwa, Mbeya, kutafuta miwani. Mwezi unaofuata miwani hiyo haimfai tena, na aliyempima analaumiwa bure.

Chanzo kiko kwenye lenzi ya jicho. Sukari ikipanda kwenye damu hupenya hadi humo, na kimeng'enya kilichomo huigeuza kuwa sobitoli. Sobitoli haitoki kirahisi: inabaki ikivuta maji, lenzi inavimba, na nguvu yake ya kupinda mwanga inabadilika. Sukari ikiwa juu, mara nyingi vitu vya mbali ndivyo vinavyofifia. Dawa ikianza kuishusha mambo hugeuka: mbali panaonekana, karibu panakuwa ukungu. Hapo ndipo wengine husema dawa inawapofusha, wakaiacha. Wasiiache. Sukari itulie kwanza kwa wiki 4 hadi 6 hivi, ndipo upimwe miwani.

Ukungu huo hupita. Upofu wa kisukari kwa sehemu kubwa hutoka nyuma ya jicho, kwenye retina, utando mwembamba unaopokea picha. Sukari nyingi ikidumu kwa miaka, kuta za mishipa yake midogo hulegea, hutoa vifuko na kuvuja maji na mafuta. Mingine huziba. Sehemu ya retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali ya kuotesha mishipa mipya, na hiyo mipya ni dhaifu: hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au huleta makovu yanayoivuta retina hadi ibanduke. Yote haya yanaweza kufika mbali bila maumivu yoyote. Maadamu kitovu cha retina hakijaguswa, mgonjwa husoma kibao cha herufi hadi mstari wa mwisho, akaambiwa macho yake mazima.

Kwa hiyo ukifika kitengo cha macho, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya mkoa Iringa, sema wazi kwamba una kisukari na unataka retina iangaliwe. Kwa kawaida utawekewa matone ya kupanua mboni, usubiri dakika 20 hadi 30, kisha mtaalamu amulike nyuma ya jicho au apige picha. Matone hayo huacha ukungu wa karibu na kuumizwa na mwanga kwa saa 4 hadi 6, pengine zaidi. Beba kofia au miwani ya jua, na njoo na mtu. Aliyetoka Tukuyu kwa pikipiki yake asitegemee kuiendesha kurudi jioni ile.

Mwenye kisukari aina ya 2 aanze kipimo hiki mara tu anapogundulika, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umekaa mwilini miaka kabla ya kujulikana. Wa aina ya 1 aanze ndani ya miaka 5. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba apimwe ndani ya miezi 3 ya kwanza, maana ujauzito unaweza kuharakisha uharibifu.

Nyumbani, wengi hulengwa sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 4.4 na 7.2 mmol/L, na HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, chini ya asilimia 7. Lengo lako lipange na kliniki. Presha husahaulika, na hilo ni kosa kubwa. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, uliotoa matokeo mwaka 1998, ulionyesha kuwa kuibana presha kulipunguza kuzidi kwa uharibifu wa retina kwa takriban theluthi moja. Kwa wanaotumia insulini Makete na Njombe kuna jambo la ziada: usiku wa Juni na Julai unaweza kuigandisha. Iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka na inaonekana safi, kwani haiaminiki tena kushusha sukari. Karoti ni chakula kizuri, ila hazizibi mshipa unaovuja. Matone ya miti shamba hayafiki retina, na yanaweza kuunguza kioo cha jicho.

Kati ya kipimo na kipimo, chukua daftari la hesabu lenye miraba, weka nukta katikati ya ukurasa, ulishike sentimita 30 hivi kutoka usoni ukiwa na miwani yako ya kusomea. Ziba jicho moja, kodolea nukta, kisha badilisha. Mistari ikijikunja au miraba ikipotea, huenda kitovu cha retina kimevimba. Nenda ukaonwe wiki hiyohiyo. Mistari ikinyooka, kipimo cha mwaka kibaki palepale.

Tiba zipo: leza, sindano za ndani ya jicho zinazorudiwa, na upasuaji. Leza hulinda uoni uliobaki, na mara chache hurudisha uliopotea. Si kila hospitali inazo, hivyo uliza kabla ya kufunga safari ya Dar es Salaam au Moshi. Lakini ukiona ghafla madoa meusi yanaelea, mimweko ya mwanga, au kivuli kinashuka upande mmoja, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.