Kwa nini kauri hung'aa hata bila vanishi?

Kwenye Soko la Masai hapa Nairobi, anayeshika kauri kubwa yenye madoa, yaani gamba la konokono wa baharini, kwa mara ya kwanza huigeuza-geuza akitafuta alama za brashi. Wengine husema imepakwa vanishi. Wengine hushikilia kwamba ni bahari: mawimbi na mchanga vimeisugua miaka na mikaka mpaka ikatakata.

Hoja hii ya pili inavutia, ndiyo maana haifi. Lakini mchanga hukwaruza, haung'arishi. Gamba la kauri aliyekufa likitupwa ufuoni Diani au Malindi, jua na mchanga hulifubaza hadi likafanana na kipande cha chokaa. Kama mawimbi ndiyo yangekuwa fundi, makombe mazuri kuliko yote yangeokotwa pwani bila kupiga mbizi, na gamba la chaza nalo lingemeremeta. Wa vanishi nao wana sababu ya kushuku, kwani baadhi ya makombe ya madukani kweli huchovywa kwenye asidi au kupakwa mafuta. Kauri haihitaji hayo.

Anayeing'arisha ni mwenye nyumba. Kauri wa madoa (*Cypraea tigris*) huishi Bahari ya Hindi na Pasifiki, na anaweza kufikia takriban sentimita 15. Konokono wengi wa baharini hurefusha gamba ukingoni mwa mdomo tu. Upande wa nje ukishajengwa huachiwa mwani na vikwaruzo. Kauri yeye hutoa joho, yaani ngozi yake laini, kupitia ufa ulio tumboni, likapanda ubavu huu na ule hadi pindo zikakaribiana mgongoni. Huo mstari hafifu unaoonekana juu ya makombe mengi ndio mpaka wa pindo hizo.

Chukua mfano wa nganya mpya, yaani matatu iliyopambwa. Msanii anachora, fundi anapuliza vanishi tabaka juu ya tabaka, kisha makanga, yaani kondakta wake, anaifuta kabla vumbi halijashika. Joho hufanya kazi za wote watatu: huweka doa, hulifunika kwa tabaka angavu la madini ya kalisi, halafu hulilinda gamba lisiote mwani. Ndiyo maana madoa mengine huonekana yamezama na kufifia: yana tabaka nyingi zaidi juu yake.

Ajabu ni kwamba kauri mchanga hafanani kabisa na mkubwa. Gamba lake ni jembamba, mdomo mpana, na kileleni kuna mzunguko kama wa konokono yeyote. Akikomaa, mdomo hujikunja kwa ndani na kuota meno. Urefu hukoma, unene huendelea. Ufa mwembamba humpa kaa kazi ngumu. Kwamba utelezi nao humnyima pa kushika ni dhana inayoingia akilini, ila ushahidi wake ni mchache.

Kwa mnunuzi, mng'ao huo mara nyingi una maana kwamba konokono alitolewa baharini akiwa hai. Na ukiisafisha, usitumie siki wala ndimu: asidi hula kalisi, na joho la kuweka tabaka nyingine halipo tena.